Kocha Aliyeanza na Tusiyoyaweza

Kila Agosti, kabla hatujagusa mpira, Kocha alitusimamisha duara katikati ya uwanja wa Auderghem, huku Ubelgiji, na kumtaka kila mtu aseme kwa sauti jambo moja asiloliweza. Hakutaka kusikia tunayoyaweza. "Yenye unaweza nitaiona na macho yangu," alisema. "Niambie yenye unashindwaka." Kipa wetu akasema hawezi kuupiga mpira ukafika mbali. Straika, mtu mwenye mabega mapana kama mlango, akasema anaogopa mipira ya juu tangu alipogongana na beki mmoja akapoteza meno mawili. Papa Ngoie, beki wetu wa kati aliyekwisha kupita miaka arobaini, akasema goti lake la kulia linakataa kugeuka. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa nasoma hisabati chuo kikuu, na nilikuwa nimechoka na maswali ya watu wazima.

"Hakuna," nikasema.

Duara zima likacheka. Kocha hakucheka. "Voilà, tumepata muntu mwenye anashindwa kusema ukweli. Kaa kwa benchi."

Nilikaa wiki sita.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba sikumpenda tangu siku ya kwanza, na kwamba miaka minne baadaye, tulipopiga kura kuamua kama aendelee kutufundisha au aondoke, mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoamua. Hakuwa na kitu alichokijali kuliko timu ile. Mpaka leo sijui kama niliuinua kwa haki au kwa hasira.

Siku za kazi alikuwa fundi wa lifti. Alizijua nyumba ndefu za mtaa wa Saint-Gilles kwa matumbo yao: ipi ina kamba mpya, ipi ina injini ya zamani inayolia ikifika ghorofa ya tatu, ipi inabeba familia nne zilizogawana vyumba vya tajiri mmoja wa zamani. Mikono yake ilinuka grisi hata Jumapili, ingawa Jumapili alivaa tai. Tai, juu yake koti la mvua, chini njumu za mpira. Alitoka misa ya kwanza akaja uwanjani hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Katika mfuko wa koti hilo alibeba kibao cha chuma alichokitoa kwenye lifti iliyokwisha kufa. Kilikuwa na maandishi mafupi: watu wanne, kilo mia tatu na ishirini. Mchezaji mpya alipokataa kuutaja udhaifu wake, Kocha alimpa kibao akishike.

"Lifti yenye kuwa na kibao, haina haya," alisema. "Inakuambia: bantu wane, basi. Ile yenye haina kibao njo inaua bantu."

Aliyarudia maneno hayo mara nyingi mno, nasi nyuma yake tuliyaigiza kwa sauti ya kukwaruza kama yake. Alijua. Siku moja alisikia, akageuka, akasema, "Sauti ni nzuri. Lakini umesahau kuweka mukono ku mufuko." Akaendelea na mazoezi.

Hakutazama mpira kwenye televisheni. Jambo hilo lilinishangaza kwa mtu ambaye angeweza kuzungumza saa nzima juu ya hatua mbili za beki. Katika duka la binamu yake kule barabara ya Chaussée de Wavre, kati ya magunia ya samaki wakavu na mabunda ya vitenge, televisheni ilikuwa imewashwa siku zote, na wateja walibishana juu ya mechi za vilabu vikubwa. Yeye alikaa akiipa mgongo.

"Kocha, hautazami?"

"Ile ni kabumbu ya bantu benye habashindwaki kitu. Itanifundisha nini?"

Juu ya meza ya duka hilo ndiko alikopanga mechi. Alitumia vizibo vya chupa, na kila kizibo alikuwa amekikunja au kukitoboa mahali fulani, kila mchezaji na alama yake. Kizibo cha Ngoie kilikuwa kimebondwa upande mmoja. Cha kipa kilikatwa ukingo. Changu kilikuwa hakina kitu kwa wiki zile sita, kisha siku moja nikakikuta kina tundu upande wa kushoto. Hakuniambia neno. Nilikitazama, nikakumbuka mazoezi yote aliyonitazama akiwa amenyamaza, nikaona kwamba kweli: sikuwahi kuupiga mpira kwa mguu wa kushoto. Hata mara moja. Mpira ukija kushoto, nilizunguka mwili mzima kama lori linalotafuta pa kugeukia, ili niupate kwa kulia.

Jumamosi iliyofuata nikasema mbele ya wenzangu, "Sina mguu wa kushoto."

"Bon," akasema Kocha. "Sasa uko na mahali."

Lazima nikiri kwamba alichokijenga kwa vizibo vile kilifanya kazi. Kipa hakupiga mbali, kwa hiyo mabeki walimsogelea hadi karibu, na mpira ukatoka nyuma kwa pasi fupi fupi kama ndoo za maji zinazopita mkono kwa mkono. Straika aliogopa mipira ya juu, kwa hiyo tulikatazwa kupiga krosi. Ndiyo, timu nzima. Kona zetu tulizipiga chini, kwa pasi, na mashabiki wa upande wa pili walituzomea kwa Kifaransa na Kiholanzi, kisha wakanyamaza mpira ulipoingia. Ngoie hakuweza kugeuka, kwa hiyo sisi wengine tulikimbia ili adui asipate njia nyingine ila ile inayompeleka kwa Ngoie uso kwa uso. Alisimama pale kama mtu anayengoja tramu. Na mimi, mwenye mguu mmoja, niliwekwa kulia kabisa, kwenye chaki, mahali ambapo mstari wenyewe uliulinda ubavu wangu, nikakimbia juu na chini kwa miaka minne.

Miaka minne. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, na ugomvi huo sijauacha.

"Kocha," nilimwambia siku moja, tumekaa sita ndani ya gari lake la kazi, ngazi ikigonga juu ya paa, "ukimwambia mtu kila wiki kwamba hawezi kugeuka, atajifunza lini kugeuka?"

"Université," akasema. Hilo ndilo jina nililopewa kwa sababu ya chuo kikuu, na halikuwa la heshima. "Goti ya Ngoie haisomaki vitabu."

Gari likalipuka kwa kicheko. Ngoie alicheka kuliko wote, akanipiga begani. "Acha goti yangu, mwana. Iko na mutu wa kuisemea."

"Sisemi goti," nikasema. "Nasema mimi. Mguu wangu hauna ugonjwa. Umenikuta siwezi, ukanijengea nyumba humo humo."

"Na nyumba inavuja?"

"Haivuji. Lakini sikuiomba."

Akaanza kueleza jinsi mlango wa lifti fulani unavyokwama wakati wa baridi, na mazungumzo yakafia hapo. Ndivyo alivyokuwa: swali likimfikia kwenye mfupa, alikimbilia lifti.

Mara moja tu nilimwelewa, na haikuwa kwa maneno aliyoniambia mimi. Kulikuwa na padri mzee, Mbelgiji, aliyekaa kwetu Katanga miaka mingi akifundisha shule na sasa anaishi katika nyumba ya mapadri wastaafu jirani na uwanja. Alikuja kutazama mechi na kiti chake cha kukunja. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi wetu. Kumbe alikuwa amemfundisha Kocha mpira utotoni. Siku moja, tumeshinda, akamwita mbele yetu, akasema kwa upendo kabisa:

"Nafurahi kukuona unapanga mchezo. Zamani sikudhani. Ninyi watoto wa kambi ya wafanyakazi mlikuwa wa kukimbia. Kwa kufikiri, niliweka wengine."

Kocha alikuwa anakusanya mipira wavuni. Akaifunga kamba polepole.

"Mon père," akasema, "ulipanga kila mutoto mahali yake. Na hata mumoja haukumuuliza."

Kocha akaendelea, bila kupaza sauti: "Miye nilijua kufikiri. Nilishindwa kukimbia, mapafu yangu ilikuwa mabaya. Weye uliniweka mbele nikimbie. Miaka tano nilitapika nyuma ya goli kila siku ya mechi, juu ulishamaliza kujua miye ni nani."

Jumapili iliyofuata padri alikuja tena na kiti chake. Nilidhani asingethubutu. Kocha akampelekea chai kwenye kikombe cha plastiki, sukari vijiko vitatu, kama alivyoipenda. Sijui ni msamaha au ni jeuri. Kwa Kocha vitu hivyo viwili vilikaa karibu sana.

Lakini niliirudia hoja yangu. Ni sawa, udhaifu usemwe na mwenyewe, asisemewe na padri, wala mzungu, wala kitabu. Nakubali. Je, ukishausema, nani alisema ubaki nao? Nami nikambana pale alipostahili kubanwa. Ilikuwa Agosti ya nne, duarani, kila mtu amekwisha kusema lake.

"Na wewe, Kocha? Unashindwa nini?"

Wenzangu wakaniangalia kama nimetukana. Yeye akalegeza tai.

"Miye?" Akafikiri kweli. "Nashindwaka kumuambia muntu: weye toka."

Tukacheka, tukidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Ilikuwa kweli tupu, nasi tuliilipia Mei.

Mechi ya mwisho ya msimu tulihitaji sare tu ili tusishuke daraja. Hadi dakika ya sabini hapakuwa na bao. Kisha goti la Ngoie likaanza kumwangusha. Tulimwona sote, alikuwa anaburuta mguu, jasho limemlowesha, na kwenye benchi walikaa vijana wawili wazima, wamekwisha kupasha misuli. Rais wa timu, mwenye duka la simu ambaye ndiye aliyelipia jezi zetu, akapiga kelele kutoka pembeni: "Kocha, mutoe! Mutoe, bwana!" Kocha alisimama kwenye mstari, mkono mfukoni. Akawasogeza wachezaji wengine: wewe karibu naye, wewe nyuma yake, wewe acha kupanda. Watu watatu wakafanya kazi ya kumfunika mmoja. Dakika ya themanini na nane wakatufunga kupitia pale pale.

Tukashuka hadi daraja la mwisho kabisa, ambalo chini yake hakuna kitu ila bustani.

Kura ilipigwa wiki iliyofuata katika chumba cha nyuma cha mgahawa, Chaussée de Wavre. Rais alitaka karatasi za siri. Kocha ndiye aliyekataa.

"Mikono juu," akasema. "Nimewaona mukianguka ndani ya matope. Mutanificha mikono?"

"Kocha, si chuki," Rais akasema. "Kuna kijana, iko na diplôme, anajua mpira ya leo. Tunataka kupanda, alors..."

"Uliza tu, Président. Chakula inapoa."

Rais akauliza nani anataka kocha mpya. Mikono ikapanda mmoja mmoja, kwa aibu, watu wakitazama sahani. Nikahesabu saba. Tulikuwa kumi na watano. Nikamtazama Kocha, naye akanitazama, na nikauinua wangu. Sikutazama sahani. Kama kuna jambo moja ninalojivunia usiku ule, ni hilo.

"Huit contre sept," akasema Kocha, nane kwa saba. "Hata hii tumepoteza kwa goli moja."

Akamaliza kuku wake. Akapangusa mikono, akampa Rais funguo za kabati la mipira, akatoka. Ngoie akaacha chakula chake, akamfuata akichechemea.

Sasa nitasema jambo ambalo wanaompenda Kocha hawataki kulisikia: kocha mpya alinifunza mguu wa kushoto. Ilichukua majira ya joto yote, kila asubuhi ukutani, mipira mia kwa kushoto tu, mpaka kifundo kikavimba. Kufikia Oktoba nilikuwa natoa pasi. Novemba nikafunga bao. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa nimejifunza kitu ambacho kwa miaka minne niliambiwa nikizunguke. Kwa hiyo nilikuwa na haki. Niliandika sentensi hiyo kwenye simu yangu siku ya lile bao: nilikuwa na haki.

Januari yule kijana mwenye diplôme alipata klabu kubwa zaidi, akaondoka na wachezaji wetu watatu walio bora. Hakuaga. Yeye hakushindwa kumwambia mtu atoke, na kutoka mwenyewe hakukumsumbua pia.

Machi tukapangiwa mechi ya kirafiki na timu mpya ya maveterani, wanaume waliopita arobaini na wengine hamsini, uwanja ule ule wa Auderghem. Rais akanivuta pembeni kabla ya mechi.

"Utaenda kumuona Kocha. Umuambie arudi."

"Kwa nini mimi?"

"Weye njo ulipiga ya nane."

Alikuwa upande wa pili, tai, koti la mvua, amekonda kidogo. Kikosi chake kilikuwa kichekesho: matumbo, vipara, mmoja na miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Katikati ya ulinzi, Ngoie. Tukawaonea huruma. Nami nilikuwa na mguu wangu mpya, na nilitaka auone.

Mara ya kwanza nilipopata mpira, kijana mmoja wa miaka hamsini akanizibia kulia, akaniachia kushoto wazi kabisa. Nikaenda kushoto. Hatua nne, mwepesi, mzuri, na mbele yangu amesimama Ngoie. Hakukimbia. Alikuwa pale tayari. Akaniondolea mpira kama mtu anayepokea kikombe. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tano ndipo nikaelewa kwamba ule mlango wa kushoto haukuwa uzembe wao. Nilikuwa nafunguliwa. Kutokana na mpira mmoja wa namna hiyo, kwa pasi saba za chini chini, wazee wakatufunga.

Wakati wa mapumziko nikavuka uwanja. Alikuwa anamenya chungwa.

"Université."

"Kocha. Shikamoo." Nikavuta pumzi. "Rais anaomba urudi. Timu imebaki na wachezaji kumi na mmoja. Wote wanataka."

"Weye unataka?"

"Nataka urudi, lakini sijuti kura yangu. Nilijifunza kushoto. Uliniambia siwezi."

"Weye uliniambia. Miye niliandika." Akala kipande cha chungwa. "Ni muzuri ile muguu. Nimeuona."

"Uliutegea mtego."

"Ngoie hawezi kukimbia. Nikajiuliza: mupira itamufikia namna gani yeye amesimama? Nilisikia kijana yuko na muguu mupya, atataka kuuonesha. Basi." Akanikatia kipande. "Ilikuwa kosa yangu, ile ya miaka ine. Nilipaswa kukuuliza kila mwaka. Bantu banabadilika, lifti hapana."

Sikutarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi na sasa sikuwa na pa kuuweka.

"Basi rudi," nikasema.

"Score ni ngapi?"

"Un-zéro. Moja bila, kwenu."

"Na unataka niache timu yenye inashinda, nifuate yenye inapigwa na bababu?" Ngoie, amelala chini na barafu juu ya goti, akacheka hadi akakohoa. Kocha hakucheka. "Muambie Président: hapa hakuna mwenye alinipigia mukono, na hakuna mwenye nitamupigia. Kama munataka, mukuje wenyewe, munane ya ile kura, kila Jumamosi, tucheze pamoja. Kurudi, hapana. Nilitoka mara moja, inatosha."

Refa akapuliza filimbi. Nilirudi upande wetu, nikamwambia Rais kwamba jibu ni hapana. Akauliza nilimwombaje, nikamwambia vizuri.

Kipindi cha pili, dakika za kwanza kabisa, mpira ukaja miguuni pangu na kushoto pakafunguka tena, wazi, kwa makusudi, kama tusi. Kulia palikuwa na njia ya salama ya pasi. Nilijua Ngoie yuko wapi. Nikaenda kushoto, akanipokonya.

"Tena!" Sauti ilitoka kwenye mstari wao, ile ya kukwaruza. "Université! Jaribu tena!"

Wachezaji wake wakageuka kumtazama. Sijui kama alinikejeli au alinifundisha, na sikusimama kumuuliza. Dakika chache baadaye nikaupata mpira mwingine, na nikaenda kushoto.